Taa ya kulanti imewaka kwenye gari la kambi la zamani: ubadilishe sensa, upime presha, upime gesi au ufunge king'ora?

Taa ya kulanti (kimiminika cha kupoza injini) ikianza kupepesa kwenye gari la kambi (gari la kulala na kupikia safarini) la miaka ya 1980 au 1990, wengi hukimbilia kununua sensa mpya. Ni kipande kidogo, hufungwa kwa dakika chache, na mara nyingine taa huzima kweli. Lakini sensa mpya haikuambii kama kulanti inapungua, wala inakwenda wapi ikipungua. Unaendelea na safari huku taa imezima na swali la msingi halijajibiwa.

Hapa nalinganisha njia nne: kuchunguza sensa na nyaya zake, kupima mfumo kwa presha, kupima kama gesi ya injini inaingia kwenye kulanti, na kufunga king'ora cha ziada. Msimamo wangu nautoa mapema. Kama unaweza kumiliki kifaa kimoja tu kati ya hivi, kiwe pampu ya kupimia presha ya rejeta. Zipo hali ambazo ushauri huo haufai, nazo nitazitaja.

Sensa mbili, na kila moja hufa kivyake

Magari ya zamani huonya kwa namna mbili. Sensa ya joto hukaa kwenye nyumba ya thamostati (vali inayofunguka kulanti ikipata joto) au kwenye silinda hedi (kifuniko cha chuma juu ya silinda), na hupima joto la kulanti inayoigusa. Sensa ya kiwango hukaa kwenye tangi la kulanti na kutambua kama kulanti imeshuka chini ya alama. Magari mengine yana taa mbili tofauti, mengine yana taa moja inayobeba habari zote mbili.

Volkswagen T3, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Vanagon, ni mfano wa taa moja. T3 za mwanzo za petroli, kuanzia 1979, zilikuwa na injini za kupozwa kwa hewa, kwa hiyo hazihusiki hapa. Zilizofuata, zenye injini za kupozwa kwa maji, zina taa ndogo nyekundu ndani ya geji ya joto. Ukiwasha swichi hupepesa kwa sekunde chache ikijipima, kisha huzima. Ikiendelea kupepesa, ama kulanti imepungua ama joto limepita kiasi, na mshale wa geji ndio unaokusaidia kutofautisha. Taa inapepesa na mshale uko katikati: fikiria kiwango kwanza. Taa inapepesa na mshale umepanda juu: tafuta pa kusimama sasa hivi.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni jinsi sensa hizi zinavyoharibika. Sensa ya joto ya kawaida hupunguza ukinzani wake (jinsi inavyozuia umeme) kadiri joto linavyopanda. Waya wake ukikatika, ukinzani unakuwa mkubwa mno na geji hulichukua hilo kuwa ni baridi. Gari linaweza kuchemsha huku mshale umelala chini. Tena kulanti ikivuja hadi ncha ya sensa ikabaki kwenye hewa au mvuke, joto inalosoma linaweza kushuka wakati chuma cha injini kinazidi kupata moto.

Sensa ya kiwango ya T3 na ya magari kadhaa ya enzi hiyo ni vijiti viwili vya chuma vilivyozama kwenye tangi. Umeme mdogo hupita kutoka kijiti kimoja hadi kingine kupitia kulanti yenyewe. Kulanti ikishuka, njia ya umeme hukatika na taa inapepesa. Waya ukikatika au vijiti vikishika chokaa, taa inapepesa vilevile. Kwa ufupi, sensa ya joto ikifa hunyamaza, na sensa ya namna hii ya kiwango ikifa hupiga kelele.

Ndiyo maana sikubaliani hata kidogo na ushauri wa kuunganisha nyaya za sensa ya kiwango moja kwa moja ili taa itulie. Kati ya sensa hizo mbili, hiyo ndiyo inayoweza kukuonya kabla kulanti haijaisha, na wewe umeinyamazisha kwa mkono wako.

Tofauti moja ya kuangalia: magari mengine yana boya lenye sumaku ndani ya tangi badala ya vijiti. Boya linaweza kukwama juu, na hapo taa haitawaka hata tangi likiwa tupu. Kulijaribu ni rahisi. Injini ikiwa baridi, vuta kulanti kidogo kutoka kwenye tangi kwa bomba la sindano kubwa hadi kiwango kishuke chini ya alama, kisha washa swichi. Taa isipowaka, huna onyo lolote la kiwango, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya safari.

Taa inawaka lini?

Kabla ya kushika kifaa chochote, angalia wakati taa inapowaka. Hili halina gharama, na ndilo litakaloamua ni njia ipi kati ya nne inayokufaa.

Inapepesa asubuhi injini ikiwa baridi, kisha inazima gari likishapata joto: kulanti iko mpakani. Kimiminika hujikunja kikipoa na kutanuka kikipata moto, kwa hiyo kiwango hupanda chenyewe na kuizima taa. Watu wengi huona taa imezima wakaridhika. Kiwango hicho lakini hakikufika mpakani bila sababu. Inayowaka kwenye kona kali au unapokanyaga breki ni habari hiyohiyo, kulanti inasukasuka kwenye tangi lisilojaa.

Mshale unapanda kwenye foleni na kushuka ukishapata mwendo: feni haivuti hewa. Chunguza fyuzi yake, mota yake, na swichi ya joto inayoiwasha. Mshale unatulia mjini lakini unapanda kwenye barabara ndefu au mlimani: rejeta imeziba ndani au nje, thamostati haifunguki yote, pampu ya maji imechoka, au hosi ya chini inabanwa na mvuto wa pampu.

Kuna dalili ambayo ni ya umeme mtupu. Ukiwasha taa kubwa za mbele na mshale wa joto ukapanda papo hapo, kisha ukashuka ulipozizima, hakuna injini inayobadilika joto kwa kasi hiyo. Waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) wa dashibodi umelegea au umeshika kutu. Na mishale ya joto na ya mafuta ikipanda kupita kawaida kwa pamoja, shuku kidhibiti cha volteji kilicho nyuma ya geji, kwa sababu geji hizo mbili mara nyingi hulishwa na kidhibiti kimoja.

Njia ya kwanza: kuchunguza sensa

Kwa sensa ya vijiti viwili, jaribio ni la dakika 5. Chomoa plagi ya sensa kwenye tangi. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ipepese, kwa sababu njia ya umeme imekatwa. Sasa unganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya. Taa ikitulia, nyaya na kisanduku cha rilei (swichi ya umeme inayoendesha taa) ni vizima, na tatizo liko kwenye sensa au kwenye kiwango chenyewe. Ikiendelea kupepesa, sensa haina kosa: fuata waya hadi kwenye rilei, na usisahau viungio vilivyopita karibu na joto la injini.

Ukishajua kuwa ni sensa, ichomoe injini ikiwa baridi na uisugue vijiti vyake kwa brashi laini. Mara nyingi hilo linatosha. Liko pia jambo linalowachanganya wengi: sensa hii inategemea kulanti kupitisha umeme. Aliyeosha mfumo na kuujaza maji yaliyotoneshwa peke yake, bila kulanti, anaweza kuona taa ikipepesa juu ya tangi lililojaa, kwa sababu maji safi kiasi hicho hupitisha umeme kidogo sana.

Kwa sensa ya joto, multimita (kipima umeme) inatosha. Pima ukinzani ikiwa baridi, kisha pima tena injini ikishapata joto. Namba lazima ishuke sana. Isiposhuka, au ikionyesha njia imekatika, badilisha bila kusita, kwani hiyo ndiyo inayokufa kimya.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kifaa maalum na inakuzuia kununua vipuri kwa kubahatisha. Udhaifu wake ni mmoja lakini ni mkubwa: inathibitisha kuwa shahidi ni mkweli, haichunguzi tukio. Ukigundua kuwa sensa ni nzima na taa inasema kweli, bado uko mwanzo.

Njia ya pili: presha

Hapa ndipo nakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo majibu mengi yalipo.

Mfumo wa kupoza hufanya kazi ukiwa umefungwa na una presha. Maji matupu huchemka nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na kulanti ya glaikoli, huchemka karibu nyuzi 107. Ukiufunga mchanganyiko huo chini ya presha ya bari 1 hivi, unafika kwenye nyuzi 125 au zaidi kabla ya kuchemka. Kinyume chake, ukipanda hadi mwinuko wa mita 2,000, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 93. Mfuniko uliolegea au hosi inayovuja pole pole huiba yote hayo. Injini inayofanya kazi kwa joto lake la kawaida inaweza kuchemsha juu ya mlima kwa sababu ya mfuniko tu.

Pampu ya kupimia presha ni pampu ndogo ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Injini iwe baridi kabisa. Hakikisha tangi limejaa hadi alama. Piga pampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wa gari lako, mingi huwa karibu na bari 1, na usikipite hata kidogo: rejeta na hita za umri huu zinaweza kupasuka kwa presha ya ziada. Subiri dakika 15. Mshale wa geji ukibaki palepale, mfumo haupotezi kitu ukiwa baridi. Ukishuka, anza kutafuta unyevu.

Kwenye gari la kawaida unatafuta chini ya boneti. Kwenye gari la kambi, sehemu ngumu imejificha ndani ya makazi. Magari mengi ya namna hii yana hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma. Kwenye T3 iko chini ya benchi la nyuma. Waliotengeneza kabati na droo mara nyingi waliziweka juu ya hosi zake, na klipu ambazo hazijaguswa kwa miaka 30 zinaachia kulanti tone kwa tone juu ya zulia au mbao. T3 pia ina injini nyuma na rejeta mbele, kwa hiyo mabomba marefu hupita chini ya sakafu yote, na mfumo mzima hubeba zaidi ya lita 15. Uvujaji mdogo kwenye mfumo mkubwa namna hiyo huchukua muda kuonekana.

Usichanganye unyevu huo na maji mengine ya gari la kambi. Kuna tangi la maji ya kunywa, kuna sinki, kuna bomba la kumwaga maji machafu. Pangusa kwa karatasi nyeupe: kulanti ina rangi, ni telezi kidoleni, na ina harufu tamu. Usiionje. Glaikoli ya ethilini ni sumu, na utamu wake huwavutia watoto na wanyama, jambo la kulizingatia sana kwenye gari ambalo watu hulala ndani yake.

Sehemu nyingine za kutazama: tundu dogo chini ya pampu ya maji, ambalo huanza kutoa kulanti sili yake ikichoka, pembe za rejeta pale chuma kinapokutana na plastiki, na kioo cha mbele kwa ndani. Kioo kikiota ukungu wenye mafuta kila unapowasha hita, hita ya mbele inavuja. Presha ikishuka na hujaona unyevu popote, toa plagi za injini na utazame kama silinda moja ina unyevu, na angalia kijiti cha oili kama kimeshika rangi ya maziwa. Hapo unaelekea njia ya tatu.

Pampu hiyohiyo, ikiwa na kiunganishi chake, hupima pia mfuniko. Mfuniko unapaswa kushika presha iliyoandikwa na kuiachia ikizidi. Una pia vali ya pili ndogo inayorudisha kulanti mfumo unapopoa. Kwenye T3 vali hiyo huleta kitendawili kinachowasumbua wengi: kuna matangi mawili, moja lenye presha kwenye chumba cha injini, lenye sensa, na jingine la akiba lililo nyuma ya kibao cha namba. Mfuniko usiporudisha kulanti, tangi la akiba hujaa huku lile lenye sensa likipungua. Mwenye gari anafungua kibao, anaona chupa imejaa, analaani sensa. Sensa imesema kweli. Kipande kibovu ni mfuniko, au hosi nyembamba inayounganisha matangi hayo mawili na kuvuta hewa.

Pampu ya presha nayo ina mipaka. Inapima mfumo ukiwa baridi, na zipo nyufa zinazofunguka chuma kikipata moto tu. Viunganishi vya mfuniko pia hutofautiana kwa kila aina ya gari, kwa hiyo kabla ya kununua seti hakikisha ina kiunganishi kinachoingia kwenye tangi lako.

Njia ya tatu: kupima gesi

Kifaa hiki ni chupa ya plastiki yenye kimiminika cha bluu, inayokaa kwenye mdomo wa rejeta au tangi. Hewa iliyo juu ya kulanti huvutwa kupitia kimiminika hicho. Kukiwa na kaboni dayoksaidi kutoka kwenye chumba cha kuchomea mafuta, bluu hugeuka kuwa njano. Maana yake gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kati ya hedi na bloku) imepenya, au hedi au bloku ina ufa.

Jaribio hufanywa injini ikiwa na joto na inanguruma, kwa hiyo ufungue mfuniko kabla joto halijapanda, ukisubiri thamostati ifunguke huku mfumo ukiwa wazi. Punguza kulanti kidogo kwanza, kwani ikivutwa ndani ya chupa huharibu jaribio. Kwenye injini ya dizeli, mabadiliko ya rangi huwa hafifu zaidi, hivyo bluu iliyobaki bluu haitoshi peke yake kuitakasa gasketi.

Nani anahitaji kipimo hiki? Mwenye gari ambalo hosi zake hukakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini ikiwa baridi, linalotoa mapovu mfululizo kwenye tangi, linalotema kulanti kwenye tangi la akiba kila safari, au linalopoteza kulanti huku pampu ya presha haikuona tone nje. Asiye na dalili hizo anaweza kuiacha njia hii kwa sasa.

Kwa T3 za petroli za kupozwa kwa maji kuna angalizo. Injini hizo zina gasketi ya mpira kwenye ukingo wa nje wa hedi inayozuia kulanti isitoke nje. Ikioza, kulanti hudondoka chini ya injini, lakini gesi haiingii kwenye kulanti. Kipimo cha gesi kitasema hakuna tatizo, na kitakuwa sahihi. Pampu ya presha ndiyo inayoliona hilo.

Njia ya nne: king'ora

Tatu za kwanza hutafuta ugonjwa uliopo. King'ora husubiri ujao. Kuna aina mbili, na zinachanganywa sana.

King'ora cha kiwango kina ncha inayoingizwa kwenye tangi au kwenye hosi ya juu. Kulanti ikiondoka kwenye ncha, kinalia. King'ora cha joto la chuma kina sensa ndogo inayobanwa chini ya bolti kwenye silinda hedi, na hupima chuma badala ya kulanti, kwa hiyo kinaendelea kufanya kazi hata kulanti ikiisha yote. Kama gari lako tayari lina sensa ya kiwango inayofanya kazi, cha chuma ndicho kinachokuongezea kitu kipya. Kama lina geji ya joto tu, kama magari mengi ya zamani, anza na cha kiwango, kwa sababu huonya mapema zaidi.

Sauti ina faida ambayo taa haina. Dereva wa gari la kambi hutazama barabara, na taa ndogo juani haionekani. Lakini usikifunge king'ora kwenye gari linalopoteza kulanti sasa. Kitalia kila siku, utakizoea, kisha utakizima.

Kwa kutazama mara moja

| | Sensa | Presha | Gesi | King'ora |
|---|---|---|---|---|
| Hujibu swali gani | Je, taa inasema kweli? | Kulanti inatokea wapi? | Je, gasketi au hedi imepenya? | Nitajuaje mapema? |
| Injini iwe | baridi | baridi kabisa | yenye joto | yoyote |
| Muda | dakika 5–10 | dakika 15, au usiku mzima kwa tone dogo | dakika 20 hivi | nusu siku ya kufunga |
| Huweza kukupotosha | sensa nzima haimaanishi mfumo mzima | nyufa za joto hazionekani | dizeli, na uvujaji wa nje | kikizoeleka |

Vifaa viwili vidogo vinastahili kutajwa. Kipimajoto cha infraredi hukusaidia kulinganisha hosi ya juu na ya chini na kuona sehemu za rejeta zilizobaki baridi kwa kuziba. Ukikielekeza kwenye chuma kinachong'aa kitasoma chini ya ukweli, kwa hiyo lenga mpira au sehemu iliyopakwa rangi nyeusi. Rangi ya kung'aa kwa taa ya urujuanimno hufaa kwa tone linalojificha, ukiwa na subira ya siku kadhaa. Dawa ya kuziba uvujaji kutoka ndani siipendekezi kwa gari lenye hita mbili: mirija yake ni myembamba, na hicho kinachoziba tundu huziba na hita.

Uchague kipi basi

Taa inapepesa, mshale uko kawaida, na tangi lenye sensa limejaa: chunguza sensa. Hapa pampu ya presha haina kazi, na hii ni hali mojawapo ambayo msimamo wangu wa mwanzo haufai.

Taa inapepesa na umewahi kuongeza kulanti zaidi ya mara moja: pampu ya presha, leo, kabla ya kununua kipuri chochote. Kama baada ya kufunga uvujaji wote bado inapungua, ndipo kipimo cha gesi.

Mshale unapanda bila kiwango kushuka: acha sensa ya kiwango, nenda kwenye feni, thamostati na rejeta, ukitumia kipimajoto. Kwanza hakikisha geji yenyewe haidanganyi kwa kosa la ethi.

Umenunua gari jana na hujui historia yake: presha kwanza, kisha badilisha mfuniko na kulanti yote. Aina za kulanti zisichanganywe kwa kutazama rangi, maana rangi haina kanuni moja kwa watengenezaji wote. Baadhi zikikutana hutoa tope la kahawia linaloziba rejeta. Tafuta maelezo ya aina inayotakiwa kwenye kitabu cha gari.

Baada ya kazi yoyote iliyofungua mfumo, toa hewa ipasavyo kabla ya kuihukumu taa tena. Kwenye gari lenye injini nyuma na rejeta mbele, hewa hukwama kwenye mabomba marefu. Kwenye T3, mbele ya gari huinuliwa, vali za hita zote mbili hufunguliwa, injini huzungushwa kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, na skrubu ya juu ya rejeta hufunguliwa hadi itoke kulanti isiyo na mapovu. Taa inayorudi siku moja baada ya matengenezo mara nyingi ni hewa iliyopata njia ya kutoka na kiwango kikashuka. Ongeza hadi alama, kisha ufuatilie kwa siku chache.

Na ikikuwakia barabarani, hakuna kifaa kati ya hivi kitakachokusaidia hapo hapo. Taa ya kiwango peke yake, mshale uko kawaida: punguza mwendo na usimame mahali salama pa kwanza. Mshale umepanda: washa hita hadi mwisho na feni yake, egesha, zima injini. Usifungue mfuniko mpaka hosi ya juu iwe baridi na laini mkononi, na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, kwani hedi inaweza kupasuka. Kwenye baadhi ya magari feni ya rejeta inaweza kujiwasha yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo weka mikono na nguo mbali nayo.

Beba lita 5 za maji, kulanti ya aina yako, hosi moja, klipu kadhaa na kipande cha waya cha kujaribia plagi ya sensa. Pampu ya presha iweke kwenye droo ya chini. Haichukui nafasi kubwa kuliko chupa ya gesi ya jiko dogo.